Mwandishi Asiye wa Ukoo

Baba Mkubwa Mbuyiselo hakukisoma kitabu changu. Sidhani kama amewahi kusoma chochote zaidi ya bei za ng'ombe. Aliambiwa tu kanisani kwamba imetoka riwaya ya vijana, ya wasichana wawili wa bweni wanaopendana, na kwamba jaladani kuna jina la ukoo wetu. Basi akaniita kutoka mjini, akanisimamisha mlangoni mwa zizi mbele ya wazee kama mwizi wa kondoo.

"Nokwanda, mapenzi yako hayo ya wanawake kwa wanawake kaa nayo hukohuko mjini," akasema. "Lakini jina hili si lako peke yako. Litoe. Na hapa nyumbani usimwambie mtu kwamba kitabu ni chako, wala kwamba wewe uko hivyo. Siku utakayofungua mdomo, mama yako atafute pengine pa kulala."

Mama anaishi kwenye boma la Baba Mkubwa. Nimembembeleza aje kwangu mjini Gqeberha mpaka nimechoka. Hataki kuliacha kaburi la baba. Ningefanyaje? Nikaapa. Toleo la pili likatoka na jina la kubuni, Velisa Dlame, na kusema kweli iliniuma kuliko kuachwa na mpenzi.

Disemba tukarudi wote kijijini kama kawaida. Ng'ombe alipochinjwa, mimi na Onwaba, binti wa marehemu kaka yangu, tukapewa matumbo tukayaoshe bombani. Onwaba yuko kidato cha tatu, na amelelewa kwenye boma hilohilo.

"Shangazi, hayo matumbo unayaosha au unayabembeleza?" akanitania. "Watu wa mjini, bwana!"

"Koma wewe. Nimeanza kuosha matumbo mama yako hajui hata kukoroga uji."

Akacheka. Nampenda mtoto huyu, ana mdomo kama wangu. Baadaye akajifuta mikono, akanipa mgongo na kuinamia simu. Haikupita muda, simu yangu ikatetema mfukoni mwa aproni. Ulikuwa ujumbe kwenye ukurasa wa Velisa, ambako vijana humwandikia na mimi huwajibu.

"Dada Velisa, mimi ni Onwaba. Kitabu chako nakificha kwenye gunia la mahindi. Mimi ni kama wale wasichana. Naomba unijibu kitu kimoja tu: yupo mtu kama sisi aliyefika utu uzima? Kwetu hayupo. Nimewaangalia wote, mmoja mmoja. Sasa hivi naosha matumbo huku nalia."

Nikainua macho. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jamani, moyo ulinipasuka. Nilitazama dirisha la mama. Alikuwa ameketi pale anachambua maharage. Nikasema potelea mbali, mama nitambeba hata mgongoni, lakini mtoto huyu leo atajua.

"Onwaba, mwanangu, unalia nini?"

Akashtuka, akaisukuma simu kifuani. Alinitazama kwa hofu, na aliyekuwa anaogopwa ni mimi.

"Hamna kitu, Shangazi. Ni... ni mvulana. Tumegombana."

"Mvulana?"

"Anaitwa Lwazi. Nampenda, haki ya Mungu. Usimwambie Babu, tafadhali."

"Onwaba, nisikilize. Mimi..."

"Matumbo bado tu?" Baba Mkubwa alikuwa nyuma yetu na fimbo yake. "Mnaongea nini hapa?"

"Shangazi ananifundisha kuosha, Babu," Onwaba akajibu upesi.

Mzee yule hakuondoka. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akanikazia macho. Kule dirishani mama aliniona namtazama, akanipungia mkono akitabasamu. Nikaufunga mdomo wangu. Nilijichukia kwa kweli, na mpaka leo sijajisamehe.

Nilijifuta vidole, nikaitoa simu, nikaandika: "Yupo. Ana mvi na magoti mabovu, lakini yupo, na anakupenda sana."

Onwaba akachungulia simu yake chini ya kanga ya kiunoni. Uso ukamchangamka, akarudia kusoma, akatabasamu peke yake. Mzee alipogeuka kuwafokea wanaume waliokuwa zizini, nikamnong'oneza:

"Mmepatana na Lwazi?"

"Tumepatana, Shangazi," akasema bila kunitazama. Kisha akalivuta beseni lake mbali na langu, nisije nikaona anaandikiana na nani.