Nyumba Thelathini na Saba Ndani ya Behewa la Nne

Treni ya saa mbili asubuhi iliondoka saa mbili na dakika arobaini, na kwa treni ile huko ni kuwahi. Kipanga alikaa behewa la nne, dirishani, upande usiopigwa na jua, maana anayehariri video kwenye kishikwambi akikaa upande wa jua ataiangalia pua yake mwenyewe safari nzima. Kishikwambi alikiegemeza kwenye begi la droni, pawabenki akaifunga ubavuni kwa mpira wa suruali, na kalamu ya kuchorea akaichomeka kwenye nywele. Kabla treni haijatoka stesheni alikuwa ameshaitafuta kalamu hiyo mara nne.

Jina la Kipanga alipewa na shangazi yake siku alipomwona akirusha droni kwa mara ya kwanza. Shangazi alisema mtu anayechungulia vifaranga vya watu kutoka juu jina lake linajulikana, hakuna haja ya kusumbua vichwa.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa filamu ya dakika sita kuhusu ukingo wa mto, itakayoonyeshwa saa kumi jioni kwenye kikao cha kamati ya ardhi. Aliyemwajiri alikuwa mkurugenzi wa mawasiliano, mtu wa mashati meupe, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Usafi akishapita. Asubuhi ile alikuwa amemtumia Kipanga ujumbe wa sauti.

"Mdogo wangu, kazi nzuri! Mto umetulia, kilima kimetulia. Ila pale ukingoni kuna vitu vitu vinaharibu mandhari. Safisha kidogo, eh? Tunataka kijani."

Picha zenyewe zilikuwa kali. Ungezivuta karibu, ungesoma chapa kwenye kitako cha sufuria iliyoanikwa. Kishikwambi kikibebeshwa picha za namna hiyo zote kwa pamoja huchemka kama birika, kisha hugoma. Kwa hiyo Kipanga alifanya kama wanavyofanya wote wanaofanya kazi hii wakiwa safarini: alitengeneza nakala nyepesi, zenye ukungu, akawa anakata na kupanga hizo, na picha nzito zikabaki zimelala kwenye memori kadi mpaka dakika ya mwisho. Kwenye nakala nyepesi nyumba ni kijisanduku na mtu ni nukta, na nukta haikusalimii.

Akachukua brashi ya kufutia. Ukiipaka juu ya kitu, programu huazima majani ya jirani na kuziba pengo. Akapaka kijisanduku cha kwanza. Kikawa majani.

Alipoinua macho, kiti kilichokuwa wazi mbele yake kilikuwa na mzee mmoja, fundi saa kwa jinsi alivyovaa lenzi ya kukuzia kwenye paji la uso. Alikuwa amepakata mlango.

"Shikamoo," Kipanga akasema.

"Marahaba, binti. Hilo dirisha linafunguka?"

"Halifunguki, mzee."

"Basi," fundi saa akasema, akausogeza mlango wake usimgonge mtu magoti.

Kipanga akarudi kazini. Nyumba ya pili ilileta mama na watoto watatu na sufuria iliyokuwa bado inafuka moshi. Ya tatu ilileta vijana wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mpira, na hawakuukatiza ubishi wao kwa sababu ya kuhamishiwa kwenye treni. Ya sita ilileta mbuzi watano. Kila mwenye nyumba alikuja na mlango wake, mwingine wa mbao, mwingine wa bati, mmoja wa pazia tu, na mwenye pazia ndiye aliyepata taabu ndogo kuliko wote. Kipanga, mwenye kazi ya haraka, alidhani wamepandia kituo kilichopita.

Mkaguzi wa tiketi ndiye aliyefahamu kwamba treni haijasimama kituo chochote kwa saa nzima. Alikuwa mtu wa miaka mingi kazini na hakuwa na tabia ya kugombana na abiria aliyeshakaa.

"Umetokea wapi, mzee?"

"Hapo," fundi saa akaonyesha kishikwambi kwa kidevu.

"Hapo kwenye kioo?"

"Hapohapo."

Mkaguzi akaandika tiketi: Kioo hadi Mjini. Akauliza kama mlango ni mzigo au ni abiria. Wakakubaliana ni mzigo. Kuhusu mbuzi hawakukubaliana, akaamua kutowaona.

Kufikia saa saba mchana Kipanga alikuwa amefuta nyumba zote thelathini na saba. Behewa lilikuwa limejaa hadi mlangoni, makabati yamesimama kwenye njia, kamba ya nguo imefungwa kutoka dirisha hili hadi lile, na mtu fulani alikuwa anafagia. Ukingo wa mto ulikuwa kijani safi. Kipanga aliunganisha picha nzito, akaibonyeza filamu itoke, akakipepea kishikwambi kwa daftari kwa dakika ishirini ili kisizimike kwa joto. Mtandao ulipokamata juu ya daraja, akaituma filamu kwa Bwana Usafi. Kioo kikaandika: Imetumwa.

Hapo kabati moja likasogea, na nyuma yake akatokea shangazi yake.

"Kipanga."

"Shangazi! Shikamoo! Kumbe nawe unasafiri?"

"Mimi sisafiri, nimesafirishwa. Nimesimama nyuma ya kabati la watu tangu nyumba ya kumi na tisa."

Kipanga akamwangalia shangazi, akauangalia mlango wa bluu aliokuwa ameukumbatia.

"Miezi minane nimehamia kule," Shangazi akasema. "Kila Jumapili, 'Shangazi, wiki ijayo. Shangazi, wiki ijayo.' Kunitembelea huna nafasi. Kunifuta unayo!"

Behewa zima likacheka, hata wale wa mpira.

"Sikujua ni kwako, Shangazi. Nilirushia ng'ambo ya mto. Niliona paa tu."

"Kwani paa linajengwa juu ya nini? Juu ya hewa?"

Lakini kusema kweli, nani anayeijua nyumba ya kwao kwa paa? Kipanga aliivuta ile picha nzito ya asili karibu, mpaka mwisho wake. Ile nukta ilikuwa Shangazi, amesimama uani, mkono kiunoni, anaikodolea droni macho. Mdomo ulikuwa wazi na maneno yalisomeka bila shida: Wewe, Kipanga, shuka!

Fundi saa ndiye aliyemweleza mambo ya kikao, kwa upole, kama anayeeleza kwa nini saa ya mtu haitapona. Sheria ya kamati ilikuwa fupi. Mahali penye watu, watu lazima waulizwe. Mahali patupu hapana wa kuulizwa, na aliyepaomba anaweza kugawiwa siku hiyohiyo. Filamu ndiyo itakayoonyesha kama ni patupu.

"Kwani hawakumtuma mtu aje kuwauliza?" Kipanga akasema.

"Walimtuma. Si walikutuma wewe?"

Kipanga akampigia simu Bwana Usafi. "Bosi, ile filamu usiionyeshe. Nimekosea."

"Umekosea wapi, mdogo wangu? Nimeshaiweka kwenye mashine. Kijani kile! Mwenyewe nimetamani kuhamia." Akakata.

Kipanga akabonyeza kutendua mara thelathini na saba. Kwenye kishikwambi nyumba zikarudi moja moja, lakini watu hawakuondoka behewani, kwa kuwa filamu yenye majani ilikuwa imeshafika mjini, na wao walikuwa wamefutwa humo. Lililobaki ni kufika kabla ya saa kumi. Ila treni ilikuwa imebeba kijiji, na mlimani ilipanda kama mgonjwa wa magoti. Mkaguzi alitoa saa yake ya mfukoni akasema, bila furaha wala huzuni, kwamba watafika saa kumi na dakika kumi na tano.

"Hebu," fundi saa akasema.

Akashusha lenzi jichoni, akaifungua saa ile kwa ukucha. Ndani mlikuwa na dakika nyingi za kuchelewa, zimegandamana kama vumbi kwenye feni. Alizikwangua kwa ncha ya pini, akazikusanya kwenye karatasi, akaenda kuzimwaga nje ya mlango wa behewa. Ng'ombe waliokuwa wakila nyasi kando ya reli walikaa pale zaidi ya walivyokusudia. Treni ikaingia mjini saa tisa na nusu kamili. Msimamizi wa stesheni hakuwa tayari. Alikuwa amevua viatu.

Wakapita barabara kuu, milango thelathini na saba imebebwa vichwani na mabegani, mbuzi mbele kwa sababu walikataa kuwa nyuma. Magari yaliwapisha. Kwenye lango la jengo la kamati askari akawasimamisha.

"Mna miadi?"

"Tunayo," Shangazi akasema. "Saa kumi. Sisi ndio ajenda."

Askari akatazama daftari lake. Kweli ajenda ilikuwa imeandikwa. Akawafungulia.

Ukumbini taa zilikuwa zimezimwa na filamu inakwenda. Kwenye kitambaa kikubwa ukutani mto uling'aa, kilima kikapita, kisha ukingo ukatandaa, kijani cha kupigiwa mfano. Bwana Usafi alikuwa amesimama pembeni na fimbo ya kuonyeshea. "Kama mnavyojionea, waheshimiwa, hapana kitu. Ni majani."

"Hodi," Shangazi akasema mlangoni.

Hakuna aliyejibu.

"Hodi!"

Wajumbe wakaangalia makaratasi yao.

"Hodi jamani!"

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyelelewa vizuri, na kwa hodi ya tatu jibu lilimtoka kabla hajafikiri. "Karibu," akasema.

Neno hilo likishatoka halirudi. Bwana Usafi alijua, maana aliishusha fimbo yake. Wakaingia wote.

Kipanga alikwenda kwenye mashine akaisimamisha filamu pale pale, ukingo ulipojaa kitambaa chote. Kisha akachomoa kalamu kwenye nywele, safari hii bila kuitafuta. Katika ukumbi ule hakuna aliyejua mahali pa kila nyumba kuliko yeye, kwani alizifuta kwa mkono wake.

"Mzee, njoo. Kushoto kidogo. Panda juu. Hapo hapo."

Fundi saa akausimamisha mlango wake juu ya kitambaa, kwenye majani. Akaufungua, akainama kidogo kwa sababu ya kizingiti, akaingia, akaufunga. Nyumba ikasimama kuuzunguka, kali, misumari ya bati ikihesabika.

"Mama Watatu, wewe ni jirani yake. Shikilia sufuria. Ninyi wa mpira, juu kule, na mnyamaze mkifika."

Hawakunyamaza. Wakaingia mmoja baada ya mwingine, familia baada ya familia, na mwenye pazia akaingia na ubaridi mdogo ukapita ukumbini. Mbuzi waliruka wenyewe. Karani wa kumbukumbu, ambaye kazi yake ni kuandika kinachoonekana, aliandika kila kimoja kilivyotokea. Nyumba ya ishirini, ina antena. Nyumba ya ishirini na moja, mtoto anaogeshwa, hataki.

Akabaki Shangazi. "Na yangu iko wapi, bingwa wa mapaa?"

"Karibu na maji, Shangazi. Ile yenye tairi juu ya bati."

"Aa! Sasa umeijua."

Akausimamisha mlango wa bluu, akampiga Kipanga kofi dogo la shavuni, la mapenzi na la deni la miezi minane kwa pamoja, akaingia. Kutoka ndani ya kitambaa vigelegele vikapanda, vingi, vyenye ukali uleule wa picha, mpaka glasi za maji mbele ya wajumbe zikatetemeka. Wajumbe wawili wakajikuta wamesimama wakipiga makofi. Askari wa lango, aliyekuwa amefuata kuangalia, akatupa kofia juu.

Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma fomu. Fomu ilikuwa na mraba mmoja tu wa kuwekea alama, nao uliandikwa: Patupu. Akakiangalia kitambaa. Mtoto wa nyumba ya ishirini na moja alikuwa ametoroka, anakimbia uchi na povu. Mwenyekiti akafunika kalamu yake. "Ombi limeanguka," akasema.

Kipanga alitoka akakaa ngazini, akicheka peke yake kama mtu aliyekunywa kitu. Simu ikaita.

"Tumefika salama," Shangazi akasema. Nyuma yake mto ulisikika. "Ila ukuta wa jikoni umeurudisha umepinda."

"Nisamehe, Shangazi. Nakuja Jumapili."

"Njoo kwa miguu."

Akaenda, kwa miguu, akala, akaunyoosha ukuta.

Bwana Usafi alipata barua ya pongezi kwa usikivu wake kwa wananchi, akaitundika ofisini. Fomu hazikubadilishwa, kwa kuwa zilizochapishwa zilikuwa bado nyingi. Jumatatu asubuhi Kipanga akapokea ujumbe. "Mdogo wangu, ile imepita. Sasa kuna eneo nyuma ya kiwanda cha sabuni. Lina vitu vitu. Safisha kidogo, eh? Kikao ni Alhamisi."

Alhamisi Kipanga alifika stesheni mapema. Mkaguzi wa tiketi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya behewa la nne, kitabu cha tiketi mkononi, na dereva anasubiri kauli yake.

"Leo tuongeze mabehewa mangapi?"

Kipanga akafungua picha nzito, si nyepesi, akasubiri kishikwambi kijikongoje. Kisha akaanza kuhesabu watu kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja, akimsalimia kila aliyeangalia juu.

"Matatu," akasema. "Na moja la mifugo."