Mmoja Katika Laki Moja

Katika Heru Juu nzima hakuna mwanamke aliyejua kutunza siri kama Immakulata. Alikuwa akisema hivyo mwenyewe, bombani, kanisani na sokoni Kasulu, na asiyeamini alipewa mfano: "Ile mimba ya binti wa katekista, nani aliwahi kuisikia kwangu?" Na hapo ndipo wote waliokuwa karibu walipoisikia.

Watu walimcheka, naye alijicheka pamoja nao, maana mdomo wake aliujua. Lakini tangu mwezi wa pili alikuwa na siri moja ambayo hata bombani haikumponyoka. Binti yake mkubwa, Niyonkuru, alikuwa amefariki. Alifia kwenye uzazi huko Finland, nchi ya mbali alikohamia na mumewe Bazilio, Mkongomani aliyekulia kambini, walipochukuliwa pamoja na wakimbizi wengine. Mtoto alipona, wa kike, wakamwita Ndayikeza. Mama yake damu ilikataa kukata. Wakamzika huko huko, katika ardhi iliyoganda mpaka ikabidi ipashwe moto kwanza ndipo ichimbike. Bazilio alieleza mengi, lakini Immakulata alishika hilo tu: hata udongo ulikuwa haumtaki mwanawe.

Habari ilimkuta kwa simu akiwa dukani kwa Kuruthumu, muuza vitenge wa Kasulu mjini, rafiki yake wa miaka mingi. Kuruthumu alifunga duka mchana kweupe, akamwingiza uani, akamtandikia mkeka. Immakulata akalia hapo mpaka alasiri, Mkristo peke yake kati ya wanawake wa Kiislamu waliokuwa wakimwombea mtu wasiyemjua. Jioni akanawa uso, akapanda bodaboda, akafika nyumbani na kumwambia mumewe kwamba moshi wa mama lishe ulimwingia machoni.

Mumewe, Pasikali, hakuambiwa. Kwanza alikuwa ametoka kulazwa kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alionya kwamba mzee asishtuliwe. Watoto wengine nao hawakuambiwa, kwa sababu mdomo waliurithi kwa mama yao, na Bazilio aliombwa anyamaze. Lakini kuna jambo la pili, na hilo ndilo lililomfunga Immakulata kinywa kweli kweli. Pasikali ndiye aliyempeleka Niyonkuru Finland. Hakumpeleka kwa nauli. Alimpeleka kwa takwimu.

Mzee huyu alipenda redio kuliko pombe ya rubisi, na katika redio hakujali muziki wala mpira. Alipenda nchi zinapopangwa mstari: nani wa kwanza, nani wa katikati, nani yuko mkiani. Alijua Wajapani wanaishi miaka themanini na zaidi, na sisi hapa kama sitini na saba, na kwa kuwa yeye alikuwa na sabini na moja, aliwaambia wageni, "Wastani nilishauvuka. Hii mnayoniona nakula ni nyongeza." Alijua Finland hutajwa ya kwanza duniani, mwaka baada ya mwaka, kwa watu kuridhika na maisha yao. Alijua pia kwamba Burundi, walikotoka wazazi wake, na Tanzania, iliyompa uraia, hukaa kule chini, tumeshikana mikono kama ndugu.

Siku Niyonkuru alipokuja kuuliza kama aondoke na mumewe au abaki, Immakulata alisema abaki, akipata mimba azalie kwao. Pasikali akainua mikono yake miwili.

"Mama Niyonkuru, sikiliza. Kule, katika uzazi laki moja, kina mama wanaokufa unawahesabu kwa vidole hivi, na vingine vinabaki. Huku ni mamia. Wewe unataka mwanao azalie wapi?"

Immakulata hakuwa na namba ya kumjibu. Shule aliishia darasa la tano, na la tano halikufika kwenye laki. Niyonkuru akaenda.

Ndiyo maana, baada ya ile simu, kila mzee alipoinua mikono kuhesabu chochote, hata mbuzi, Immakulata alitazama pembeni. Kidole kimojawapo pale kilikuwa mwanawe, na hakutaka kujua ni kipi.

Basi akaanza kutunga. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kilimani ambako intaneti inashika, akakaa kidogo, akarudi na salamu. Niyonkuru anamsalimu baba. Niyonkuru amenunua koti jingine, lile la kwanza baridi imelishinda. Mtoto ameanza kuota meno. Meno yalikuwa ya kweli, aliyataja Bazilio. Koti alilishona Immakulata mwenyewe njiani. Aligundua kwamba ukweli kidogo ndani ya uongo ni kama mawese kwenye mboga, unaulainisha upite kooni.

Pasikali alisikiliza huku amefumba macho. Aliomba arudiwe pale binti alipocheka. Alicheka vipi? Immakulata akamchekea kama Niyonkuru, kile kicheko cha kuvuta hewa ndani, kisha akaenda jikoni kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Mwezi wa nane mwenyekiti wa kitongoji alipita akitangaza kwamba kuna karani wa utafiti anakuja. Nchi nyingi zinaulizwa maswali yale yale, alisema, halafu majibu yatawekwa pamoja ili zilinganishwe. Pasikali aliagiza koti lake la harusi lianikwe juani. Maisha yake yote alikuwa akizisikia namba za watu redioni, na sasa namba zilikuwa zinamfuata nyumbani kwake. Immakulata yeye alimvuta mwenyekiti kando, akamuuliza wanauliza nini hasa. Nyumba, akajibiwa, choo, chakula, na watoto: walio hai na waliofariki.

Usiku ule hakulala. Asubuhi akaenda kwenye kona ya njia na ungo wake, akijifanya anaanika muhogo mahali ambapo hakuna aliyewahi kuanika muhogo, ili amwahi karani, amweleze, amsihi swali hilo asiliulize mbele ya mzee. Karani akapitia njia ya juu kwa bodaboda. Immakulata aliporudi mbio na ungo wake alimkuta keshapewa kiti, na Pasikali, ndani ya koti, keshamfikisha Japani.

Karani huyo aliitwa Shadia, binti wa Kibondo, mwenye adabu, kishikwambi kimelala mapajani. Alisema angependa baba na mama wajibu pamoja. Immakulata akasema mzee amechoka, heri akajilaze. Pasikali akasema atalala akishapangwa.

Maswali ya kwanza yalikwenda kwa utani. Paa ni la bati au la nyasi, Shadia aliuliza, na Immakulata akamwambia ni la bati lenye matundu, aandike pande zote mbili. Redio ipo? Ipo, ndiye mke mkubwa. Mnakula milo mingapi kwa siku? Kama leo una mpango wa kukaa, Immakulata alisema, ni mitatu. Shadia alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kisha akasema sasa wafikirie ngazi yenye hatua kumi. Kileleni ni maisha mazuri kuliko yote wanayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wao wamesimama wapi? Immakulata akataka kwanza kujua ngazi hiyo imeegemea nini, kwa sababu yeye hapandi ngazi isiyo na ukuta. Akaambiwa haikuegemea kitu.

"Ndiyo maana tuko chini," alisema. "Kuna watu wanapanda, sisi tumeishikilia."

Pasikali hakucheka. Aliuliza watu wa Finland husimama wapi. Shadia akasema kwa kawaida hupita saba. Na sisi? Kama nne hivi. Immakulata alimtazama mumewe, akisubiri aseme nane. Mzee huyu asingekubali kuiangusha Tanzania mbele ya mgeni.

"Mimi niandike ya pili," alisema Pasikali.

Immakulata akakohoa, akasema mzee hakusikia vizuri swali. Shadia akasubiri, lakini Pasikali hakubadilisha. Wakafika kwa watoto.

Kwa watu wa huku watoto hawahesabiwi kwa namba. Huo ni uchuro. Hutajwa kwa majina. Immakulata akaanzia kwa wa mwisho, polepole, kama mtu anayengoja mvua imwokoe wakati huo ni kiangazi. Nduwayezu, yu hai, anaendesha bodaboda. Esteri, yu hai, ameolewa Kitanga. Niyonzima, yu hai, analima Gwarama.

Shadia akauliza kama ni hao tu.

"Yupo wa kwanza," alisema Pasikali.

Immakulata alitazama ungo wa muhogo, akatazama kishikwambi. Alimwona mumewe amekaa wima ndani ya koti lililomzidi mabega tangu augue, na akaona kwamba neno moja lingeweza kumwangusha kwenye kiti kile.

"Niyonkuru," alisema.

"Yu hai, mama?"

"Yu hai. Yuko Finland." Na kwa kuwa sauti yake ilitoka nyembamba, akaongeza mengine ya kuinenepesha: kwamba wameongea Jumapili, kwamba baridi inamsumbua, kwamba mtoto ameanza kukaa bila kushikwa na mama yake amefurahi mno.

Shadia akapeleka kidole kwenye kioo.

"Mwanangu," Pasikali alisema, "hapo usiandike hivyo."

Kidole cha Shadia kikabaki hewani. Immakulata akamwinamia, akamnong'oneza kwamba ni dawa za moyo, zinamchanganya mzee, asimjali. Alinong'ona kwa ile sauti yake inayosikika mpaka kwa jirani.

Pasikali hakukasirika. Alikuwa amevilaza viganja vyake magotini, anavitazama.

"Kule wanahesabu sana," alisema. "Wameshamwandika. Wageni wasiojua hata jina lake lina maana gani wamemhesabu kwamba amekufa. Halafu hapa kwao aandikwe mzima? Sasa huyo anayelala kule kwenye barafu ni mtoto wa nani?"

Shadia akakifunika kishikwambi kwa mkono, kama mtu anayemziba mtoto macho. Immakulata alikuwa amesimama bila kujua alisimama saa ngapi. Akauliza nani amemwambia, ni Kuruthumu? Kisha akasikia alichokiuliza.

Hakuna aliyemwambia, Pasikali alisema. Aliona mwenyewe, mwezi wa tatu, akiwa amekaa barazani. Kwao mwenye msiba hatii mbegu ardhini mpaka atolewe msiba, kwani mbegu yake haioti. Na msimu ule mke wake alilima, akabeba kuni, akachimba muhogo, lakini siku ya kupanda maharage alimwita jirani yao Theodosia amtilie mbegu, yeye akakaa ukingoni mwa shamba na mikono mapajani. Pasikali akaanza kupitisha watoto wake mmoja mmoja kichwani. Nduwayezu alimwona asubuhi ile. Esteri na Niyonzima walipiga simu. Akabaki mmoja, ambaye salamu zake zilikuwa zinaletwa na mtu mwingine.

Shadia akamuuliza taratibu kwa nini basi alinyamaza.

"Kila Jumapili alikuwa ananiletea mwanangu," alisema Pasikali. "Ningesema najua, asingemleta tena. Na mikono hii ndiyo iliyomtuma. Ningeanzia wapi kusema?"

Immakulata alikisogelea kiti cha mumewe. Alitaka kumgusa bega, mkono ukaishia kwenye koti. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Na hata hivyo, kwa kuwa miezi yote hiyo alikuwa amemzuia mzee huyu asife kwa maneno tu, hakujua namna ya kuacha.

"Mgongo ulikuwa unaniuma, Baba Niyonkuru," alisema. "Nilikwambia siku ile. Niliacha kupanda kwa sababu ya mgongo."

"Upande gani?"

Immakulata akapeleka mkono nyuma, akashika wa kulia.

"Siku ile ulikuwa wa kushoto," alisema Pasikali.