Vifungo Kumi na Viwili vya Bibi

Mimi ni fundi cherehani, tena wa sare. Walinzi, wahudumu wa hoteli, bendi ya manispaa, wote nawavalisha mimi, na vifungo vyao vya shaba nikivitia ndimu na chumvi, mtu anaweza kujitazama humo akinyoa ndevu. Nalisema hili mapema msije mkadhani mimi ni mzembe. Kosa langu lilitokana na ujuzi.

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kidoti, alikuwa anaolewa Jumamosi. Gauni nilimshonea mwenyewe, na Bibi akaleta vifungo vyake kumi na viwili vya mgongoni, vimeviringishwa kwenye leso. Vilikuwa vya ganda la chaza, yule wa lulu, ambalo upande wake wa ndani una waridi, kijani na fedha kwa pamoja, na ukiligeuza kidogo rangi zinahama. Bibi hachoki kulisimulia. Kabla ya plastiki, husema, watu walilikata kwa msumeno wakapata vifungo, wakalipachika kwenye makasha na mipini ya visu, wakalichonga vijiko. Na chaza mwenyewe eti hupanda juu ya maji mwezi ukiwaka, akafungua kinywa anywe umande, na rangi zote hizo ni za umande. Mimi nilisikiliza kwa sikio moja. Lililoniingia ni la mwisho: vifungo hivyo vikififia kabla ya harusi, ndoa nayo itafifia.

Alhamisi asubuhi niliona vina uchafu kwenye matundu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye bakuli la ndimu na chumvi. Nikavitumbukiza, nikaendelea kupiga pasi suruali za bendi. Niliporudi, bakuli lilikuwa linatoa vipovu, na vifungo vya Bibi vimekuwa vyeupe pee, kama chaki.

Nilimkasirikia kila mtu, hata Kidoti kwa kuchagua kuolewa wiki ya gwaride la bendi. Nikazunguka maduka matatu, nikapata vya plastiki vinavyong'aa kwa kiherehere. Nikavishona viwili, nikavifumua. Bibi angevigusisha shavuni tu akavijua, maana ganda lina ubaridi wake. Na Kidoti anayaamini maneno ya Bibi kuliko taarifa ya habari. Akivaa vilivyofifia, atakwenda kwa mumewe huku anahesabu mabalaa, na mimi ndiye niliyemtwisha.

Jioni nikajikaza kisabuni, nikaingia chumbani kwa Bibi na bakuli langu. Aliviangalia kimoja kimoja. Kisha akauliza kama ni ndimu au siki. Nikasema ndimu. Akaniagiza nilete msasa wa maji, ule laini kabisa, na dawa ya meno.

Tukakaa kitandani, kitambaa magotini. Akanieleza kwamba ganda limejengwa tabaka juu ya tabaka, na la juu likiharibika, la chini yake ni zima. Nikasugua taratibu, kwa duara. Kwanza kikatoka kijani, kisha waridi. Sioni haya kusema nililia, msasa mkononi.

Nilipomuuliza amejuaje yote hayo, Bibi akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Vilikuwa vinene kama biskuti, mjukuu wangu. Mimi nilivitia siki siku mbili kabla ya harusi yangu. Mama yako akavichemsha na sabuni."

"Na ndoa zenu je?"

"Babu yako nilikaa naye miaka arobaini na sita, na bado nammisi. Baba yako huyo sebuleni, anakoroma."

Nikamuuliza kwa nini basi alitutisha na habari za kufifia. Akasema alitaka tuviogope tuviache salama, na kwamba maneno hayohayo aliambiwa yeye, wala hayakumsaidia.

Jumamosi, nikimfunga Kidoti kifungo cha mwisho, aliniuliza kwa sauti ndogo nimtazamie kama vimefifia. Ningeweza kusema havijafifia nikamaliza. Lakini nikamweleza yote: siki, sabuni, ndimu yangu, msasa. Nikamwambia vimebaki vyembamba kama kucha.

Mabega yake yakashuka, akapumua.

"Kwa hiyo Dada, vinaweza kuharibiwa mara ngapi tena?"

"Mara moja tu."

"Basi mimi nitavitunza," akasema. "Hiyo moja nimwachie binti yangu."