Kutoa Huzuni, Saa Tatu Hadi Saa Nne

Ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa bwalo ilisema: saa tatu hadi saa nne, kutoa huzuni; saa nne, chai. Askari kumi na wawili wa Kituo cha Zimamoto cha Kilongo walikaa kwenye mabenchi, brashi mikononi, wakisubiri huzuni iwatoke kwa wakati.

"Chora kinachokunyima usingizi," alisema Esther, mwezeshaji kutoka Dar es Salaam. "Hapa hakuna wa kukuhukumu."

Koplo Stambuli alimwamini. Ulikuwa mwezi wa nne halali vizuri, tangu moto wa Bigwa. Bibi Mwamvita, aliyezika wajukuu wawili baada ya moto ule, alishafika kituoni mara tatu kuuliza mbona hakuona maji. Mara zote tatu alisomewa ripoti, kwa adabu, akarudishwa nyumbani.

Stambuli aliichora nyumba, moto madirishani, na yeye mwenyewe ameshika mpira wa maji, mkavu. Kwa mazoea ya kujaza kitabu cha matukio, akaandika tarehe, saa na namba ya gari. Alipomaliza, mabega yalimshuka kidogo.

Mkuu wa kituo, Afande Rehani, alikuwa akipita kukagua huzuni za watu. Akasimama nyuma yake.

"Nini hii?"

"Bigwa, afande."

"Ripoti ya Bigwa inasemaje?"

"Tulifika, tukamwaga maji, afande."

"Aliisaini nani?"

"Mimi, afande."

"Mbona hapa siyaoni?"

Pampu ya kujazia magari ilikufa tangu Ramadhani. Gari lilikwenda tupu, king'ora juu. Bwalo zima lilijua, na bwalo zima likainamia karatasi zake.

"Una watoto wangapi, Stambuli?"

"Watatu, afande."

"Wanakula?"

"Wanakula, afande."

"Basi weka maji. Mgeni rasmi anaingia saa tano kutazama picha."

Stambuli akamtazama Esther. Esther akatazama saa yake, kisha akamsogezea kopo la rangi.

"Bluu ipo," alisema taratibu.

Stambuli akamwaga maji. Mengi, hadi juu ya paa. Tarehe, saa na namba ya gari vikazama.

Mgeni rasmi alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu kuliko zote. "Huyu amepona," alisema, na makofi yakapigwa. Nyuma yake walikuwa wananchi walioalikwa, Mwamvita akiwa miongoni mwao. Akasogea.

"Shikamoo, bibi," alisema Stambuli.

"Marahaba, baba." Aligusa maji kwa kidole. Rangi ilikuwa mbichi. "Haya yalifika saa ngapi?"

"Bibi, hiyo ni sanaa," alisema Afande Rehani. "Karibu ukae."

Hakukaa. Alimtazama Stambuli, akingoja. Stambuli alibana mikono ubavuni, macho mbele, kama inavyompasa askari aliye mbele ya mkuu wake. Bibi akabaki ameinua kile kidole cha bluu hewani, asijue pa kukifuta.