Kiungo Asiyeinua Kichwa

"Mguu wako nimeuona," alisema Paulinus Wesonga. "Macho yako bado."

Omoding alikuwa ameketi kwenye nyasi akifungua kamba za viatu. Timu ya chuo chao cha ualimu ilikuwa imetoka kuwafunga wageni wa Kakamega mabao manne, na matatu kati ya hayo yalitokana na pasi zake. Alitarajia neno jingine. Wesonga, mtu wa Bumala, aliitafutia wachezaji klabu moja ya Nakuru iliyocheza ligi ya taifa. Alikuwa amekuja Amagoro kumtazama kiungo mmoja tu, na kiungo huyo alikuwa yeye.

"Macho yangu yana nini, mzee?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema bado. Umecheza mechi nzima ukitazama mpira. Hukuinua kichwa hata mara moja kabla ya kupiga. Aliyekuwa anaona ni mwalimu wako. Wewe ulipiga alikokuambia."

Hilo lilikuwa kweli, na pale chuoni halikuwa siri. Mwalimu Barnabas Echodu alifundisha hesabu, na mpira aliufundisha vivyo hivyo. Alikuwa ameugawa uwanja sehemu sehemu na kuipa kila sehemu namba ya Kiteso. Aarei ilikuwa winga ya kulia. Akany ilikuwa winga ya kushoto. Auni ilikuwa nafasi ya katikati, nyuma ya mabeki wa wapinzani. Mpira ulipomfikia Omoding, Echodu, aliyekuwa amesimama juu ya benchi kando ya uwanja, aliita namba. Omoding alipiga bila kutazama, na mwenzake alikuwa tayari anakimbilia huko kwa sababu naye ameisikia. Beki wa Kakamega au wa Kisumu alisikia kelele tu. Mwaka huo wote wa 1974 chuo kilikuwa hakijafungwa.

"Tulishachukua viungo wawili kutoka hapa," Wesonga aliendelea. "Walikuwa na mguu kama wako huo huo. Nakuru hakuna wa kuwaitia. Mpira ukifika, mtu anasimama nao kama ameachiwa mtoto wa jirani. Wote wawili walirudi nyumbani kabla ya msimu kuisha."

"Mimi si wao."

"Pengine. Lakini mechi kama ya leo haiwezi kunionyesha. Hata nikitazama kumi za namna hii, nitakuwa nimemwona Echodu mara kumi."

"Basi tazama ya Jumamosi."

Wesonga alifikiri kidogo. "Ile ya Tororo, pale Malaba? Sawa. Lakini Jumapili naondoka na jina moja. Kama si lako, ni la kijana mmoja wa Mumias."

Omoding alikuwa na miaka ishirini na miwili. Desemba angemaliza chuo na kupangiwa shule ya msingi mahali fulani, na mpira ungebaki kitu cha Jumamosi. Alitaka kucheza ligi ya taifa. Hakuwa na sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, wala hakuona haja ya kuitafuta.

Jioni hiyo alimkuta Echodu darasani akifuta ubao.

"Mwalimu, hawa wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, ni Wateso kama sisi. Watasikia namba."

"Kiteso chao kimepinda kidogo."

"Aarei ni aarei hata huko, mwalimu."

Echodu alicheka, akaweka kifutio chini. "Haya, wasikie. Kusikia si kufika. Mpira bado uko kwako. Piga upesi zaidi."

"Naomba mechi hii uniache nitazame mwenyewe."

"Wesonga amekujaza maneno."

"Ameniuliza swali, na mimi sina jibu."

Mwalimu alivuta kiti akaketi. Hakuwa mtu wa kufoka. "Omoding, mimi napewa vijana kwa miaka miwili. Kumfundisha mtu kuusoma uwanja ni kazi ya miaka mitano. Kumfundisha kusikia ni muhula mmoja. Mimi si klabu. Napaswa kushinda na niliopewa, na ninashinda. Kosa langu liko wapi?"

Omoding alilitafuta kosa na hakuliona. Hesabu ya mwalimu ilikuwa sahihi, ila ilikuwa imepigwa kwa ajili ya chuo, si kwa ajili yake.

Alimwendea Odeke, winga wa kulia, kijana wa kijiji cha Moding mwenye mbio na domo la kutosha. Siku mbili zilizofuata, baada ya mazoezi ya timu, walibaki uwanjani wawili. Odeke aliurusha mpira kisha akakimbia popote alipotaka. Omoding alitakiwa kusema mwenzake yuko wapi kabla mpira haujagusa mguu wake.

"Kushoto!"

"Kushoto ya nani? Mimi niko huku kwa msalani, bwana!"

Mara nyingi alikosea. Shingo ilimuuma mahali ambapo hapakuwahi kumuuma. Kichwa kilipoinuka mguu ulichelewa, na mguu ulipowahi kichwa kilikuwa bado chini. Ijumaa alikuwa amepunguza makosa, lakini hayakuwa machache kiasi cha kumridhisha mtu kama Wesonga.

Uwanja wa Malaba ulipakana na mahali malori yalipongojea karatasi za forodha. Madereva na mataniboi walitazama mpira wakiwa wamekaa juu ya turubai za mizigo, na kati yao na mstari wa uwanja Leonida aliuza chai. Leonida aliijua mechi kuliko wengi wao na alisema alichokiona bila kuulizwa.

Mpira wa kwanza ulipomfikia Omoding, Echodu aliita, "Aarei!" Omoding akapiga. Beki wa Tororo alifika kabla ya Odeke. Ikaja "Akany!", na upande wa pili mambo yakawa yale yale. Mara ya tatu ilikuwa "Auni!" Namba nne wa Tororo, beki mrefu mwenye miguu ya korongo, alipiga hatua mbili za polepole, akautuliza mpira kifuani, kisha akageukia benchi na kupaza sauti, "Eyalama, mwalimu!"

Wateso wote waliokuwa pale walicheka. Taniboi mmoja akauliza amesema nini.

"Amesema asante," Leonida alimjibu. "Ameletewa zawadi, si lazima ashukuru?"

Echodu hakubadilisha kitu ila sauti. Aliita mapema zaidi na kwa nguvu zaidi, na Tororo wakasikia mapema zaidi. Hadi mapumziko walikuwa wamefunga mawili, yote kutokana na pasi walizozinasa.

"Namba kumi!" Leonida alipaza sauti timu ilipokuwa ikitoka. "Shingo yako ni ya mbao? Inua uone watu, hata kutusalimia tu!"

Wesonga alikuwa amesimama peke yake karibu na lango la Tororo. Hakumtazama Omoding.

"Mnapiga kama mmelala," Echodu aliwaambia wachezaji. "Tutaendelea vile vile, ila upesi."

Omoding alimvuta Odeke pembeni. "Kipindi hiki usikimbilie namba. Nitazame mimi. Nikigeuza kifua kwako, nenda."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu ataita. Wewe usiende."

"Ataniua huyu mzee."

"Ataanza na mimi. Utapata nafasi ya kukimbia."

Odeke alitema maji, akakubali kwa kichwa.

Mpira wa kwanza wa kipindi cha pili Omoding aliutuliza, akainua kichwa. Aliona watu wengi kuliko alivyotegemea, na wote walikuwa wanasogea. "Akany!" Echodu aliita. Omoding hakupiga. Alipokuwa bado anachagua, kiungo wa Tororo alimpokonya mpira kwa nyuma. Pasi mbili baadaye wakafunga la tatu.

"Heri kipofu wa kipindi cha kwanza!" mtu alipiga kelele kutoka juu ya lori.

Echodu alishuka kwenye benchi. "Omoding! Unafanya nini? Ukirudia mara moja nakutoa!" Akamwita kijana wa mwaka wa kwanza aanze kupasha mwili joto.

Omoding alirudi katikati. Kosa lake alilijua. Alikuwa ameutazama mpira kwanza na watu baadaye. Watu walitakiwa kutazamwa mpira ukiwa bado njiani. Mara mbili zilizofuata alifanya hivyo na kutoa pasi fupi, rahisi, zisizo na faida, ili mradi tu asiupoteze. Mwalimu aliita namba mara zote mbili na hakuna aliyeijibu, ila Tororo. Hapo ndipo Omoding alipoona kitu ambacho hangeweza kukiona kichwa kikiwa chini. Kila Echodu alipoita, mabeki wa Tororo waliegemea. Ilikuwa hatua moja tu, wakati mwingine bega tu, lakini wote waliegemea upande wa sauti.

Mpira ulipokuja tena, alikuwa ameshatazama. "Akany!" Ukuta mzima wa Tororo ukaegemea kushoto. Omoding akageuza kifua kulia. Odeke, ambaye hakuwa amekimbilia namba, aliupata mpira akiwa peke yake, akaenda nao hadi golini na kufunga.

Kijana wa mwaka wa kwanza akaacha kuruka-ruka. Echodu alimtazama Omoding, kisha akapanda tena juu ya benchi.

Tororo hawakuwa wajinga. Namba nne aliwaambia wenzake jambo, na kuanzia hapo alisimama wima kila Echodu alipoita, akimwangalia Omoding mwenyewe. Mara mbili alimzuia. Ya kwanza aliukata mpira uliokusudiwa Odeke. Ya pili alimwangusha Omoding, na refa akapeta, mchezo ukaendelea. Omoding aliinuka goti likivuja damu, akauomba mpira tena.

Dakika za mwisho Echodu aliita, "Auni!" Mabeki wawili wa pembeni waliegemea kwa mazoea. Omoding akageuza kifua kulia kama mara ile ya kwanza, na jicho lake likabaki kwa namba nne. Namba nne hakuifuata sauti, alikifuata kifua. Aliondoka katikati kumfuata Odeke, na nafasi iliyobaki nyuma yake ilikuwa ile ile mwalimu aliyoitaja. Omoding akapitisha mpira hapo. Fowadi wa chuo, ambaye siku zote alikimbilia namba na leo pia alikuwa ameikimbilia, aliukuta miguuni mwake, akafunga.

Filimbi ya mwisho ililia Tororo wakiwa mbele, matatu kwa mawili. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Wesonga alimkuta akiosha goti kwa maji aliyopewa na Leonida. Echodu alikuwa hatua chache nyuma yake.

"Goli lenu la kwanza si kitu," Wesonga alisema. "Kufanya kinyume cha unachoambiwa hata mtoto anaweza. Nieleze la pili."

"Namba nne alikuwa ameacha kusikiliza. Alinitazama kifua. Nikampa kifua."

"Uliona nini kabla ya kupiga?"

"Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshavuka. Hangeweza kurudi."

"Mwalimu alikuwa ameita hapo hapo. Nitajuaje kwamba hukumtii tu?"

"Angebaki katikati, ningempa Odeke."

"Na Odeke angefungiwa njia?"

"Hapo sijui. Sikuwa nimemwona beki wake."

"Hukumwona. Alikuwa amejificha nyuma ya refa." Kwa mara ya kwanza Wesonga alionekana kuridhika. "Na lile goli la tatu mlilofungwa?"

"Langu. Nilianza na mpira badala ya watu."

"Ndiyo." Wesonga akamgeukia Echodu. "Mwalimu, huyu nitamchukua Januari. Timu ya pili. Huko atacheza vibaya miezi mingi, halafu tutajua. Lakini nina sharti. Kuanzia leo hadi Desemba asiitiwe. Akiitiwa tena muhula mzima, atakuja kwangu kama wale wawili."

"Nina fainali ya mkoa mwezi ujao," alisema Echodu.

"Najua."

"Na leo nimefungwa kwa sababu mtu mmoja alitaka kujifunza katikati ya mechi."

"Kipindi cha kwanza ulifungwa kabla hajaanza kujifunza," Wesonga alisema. "Lakini timu ni yako."

Echodu alimtazama Omoding. Hakukuwa na chuki usoni mwake. Alikuwa anapiga hesabu. "Kwangu namba kumi anasikia. Ukitaka kutazama, utatazama ukiwa timu ya pili ya hapa chuoni. Jezi nitampa mwingine, na fainali atacheza yeye. Chagua."

"Mwalimu, fainali ndiyo..." Odeke, aliyekuwa amesogea karibu, alianza, mwalimu akamkatiza.

"Nimemwuliza yeye."

Omoding aliivua jezi ikiwa na tope na damu, akaikunja, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili. "Asante kwa miaka miwili, mwalimu."

"Ifue kwanza," alisema Echodu. "Uilete Jumatatu."

Jumatatu aliileta ikiwa safi, kisha akaenda upande wa pili wa uwanja, walikokuwa wale wasiochaguliwa. Hapakuwa na benchi wala namba, na hakuna aliyekimbia alikotakiwa kukimbia. Mpira ukaja. Alikuwa ameshatazama, akaona nafasi, akapiga. Mwenzake alikuwa amesimama akifunga kamba ya kiatu, na mpira ukapita ukaingia kwenye mahindi.

"Pole, boss, sikujua unanipa!"

"Sasa unajua," Omoding alisema, akaufuata mpira mwenyewe mahindini. "Tuanze tena."