Kisima chenye Kufuli

Pale mgodini walimwita Bi Chupa, maana hakuonekana bila kreti la chupa. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya chini ya ardhi. Kifusi kilichoondolewa juu ya makaa ya mawe kilikuwa kimerundikwa mpaka kikawa mlima, na kuuzunguka mlima huo palitobolewa visima vyembamba vya bomba. Bi Chupa alivipitia vyote, akishusha pampu, akiyaacha maji yatoke hadi yatakate, ndipo ajaze chupa zake na kuzilaza kwenye barafu.

Baba yake, mchimba visima aliyestaafu, aliishi bondeni chini ya mlima ule. Siku hizi majirani walimnunia. Kisima alichokichimba kwa sururu enzi za ujana wake, ambacho mtaa mzima ulikitegemea, alikuwa amekitia kufuli.

"Baba yako uzee umemwingia vibaya," jirani mmoja alimwambia Bi Chupa njiani. "Maji ya Mungu anayafungia kama dhahabu! Au anataka azikwe nayo?"

Bi Chupa alicheka ili kuficha aibu. Kila alipokwenda kumjulia hali, mzee alichota kata moja mbele yake, akainywa yote, akajifuta midomo. "Matamu kama siku ya kwanza," alisema. Kisha akamnunulia bintiye soda dukani. Mgeni, alidai, hapewi maji matupu.

Mvua zilipokatika, kisima cha bomba kilicho karibu na bonde kilitoa maji yenye tindikali. Mawe yenye kiberiti, yanayozaa tindikali yakilowa, yalipaswa kufukiwa chini kabisa na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, lakini mvua iliwahi kabla ya udongo. Msimamizi wa mgodi hakubisha.

"Pima na huko chini," alisema. "Kisima cha karibu ni cha nani?"

"Cha baba yangu."

Msimamizi akainamisha kichwa.

Bi Chupa alimkuta mzee kibarazani. "Baba, naomba ufunguo. Nataka kupima maji."

"Ya nini kupima? Matamu hayo."

"Basi niyaonje." Alichota kata kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni. Haijafika mdomoni, mzee aliipiga kwa kiganja ikaruka.

"Usinywe!"

Maji yakasambaa sakafuni. Mzee akakaa chini taratibu.

"Nilijua tangu mvua za mwaka jana," alisema. "Ulimi wangu umeonja visima vingi, mwanangu. Yamekuwa machachu, yana kutu. Nikawafungia watu wasije wakadhurika. Waniite mchoyo, haidhuru."

"Na wewe ukaendelea kunywa?"

"Ningeacha, ungeuliza. Ungejua, ungesema, na wakubwa wako wangekufukuza. Una watoto. Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

"Baba!" Bi Chupa alimaka. "Wameniajiri niseme. Kazi yangu ndiyo hiyo!"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Kumbe," alisema. Akamkabidhi ufunguo.

Bi Chupa alisema, wala hakufukuzwa. Mgodi ulileta tangi la maji, na makatapila yakaanza kutandaza udongo juu ya kifusi. Ilipoamriwa kisima kizibwe, mzee aliwakataza vibarua, akashika koleo mwenyewe. Majirani walikuja kumwomba radhi, wakasimama bila kujua waweke wapi mikono yao. "Yaliyopita si ndwele," aliwaambia, huku akihema na kushika ubavu.

Figo ndizo zilizomwangusha. Bi Chupa alimuuliza daktari kama ni maji yale. Daktari alisema huenda, na huenda ni umri. Hakuna awezaye kuapa.

Mzee alifariki udongo ukiwa haujafika nusu ya mlima. Asubuhi ya mazishi tangi lilikuwa tupu, na wanawake walikaa na ndoo zao uani wakisubiri lori lilete maji ya kumwoshea mchimba visima.