Koo la Abigaïl

"Jina yako nani?"

"Abi... Sephora."

"Sema tena."

"Sephora."

"Na mama yako?"

Mtoto alijaribu kumeza mate, yakakwama. Akainama na kuyatemea kwenye kitambaa alichokuwa nacho mkononi siku zote. Germaine alimfuta kidevu, jicho lake likiwa mlangoni, ambako muuguzi wa kliniki ya kampuni alikuwa akiita majina.

"Maman Mimi," mtoto akasema.

"Na miye niko nani?"

Hapo ndipo alipokuwa akikosea nyumbani, Kampemba, kila walipojizoeza. Safari hii alimtazama mama yake kwanza, kuhakikisha kwamba hatachapwa.

"Boyesse," akasema.

"Njo vile."

Njo vile. Mwanamke anamfundisha mtoto aliyemzaa amwite mfanyakazi wa nyumbani, kisha anamsifu kwa kukariri vizuri. Germaine aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kadi ya kliniki ilikuwa ya Sephora, binti wa Madame Mimi wa kule mtaa wa matajiri, Golf, mtoto mzima wa afya anayemlingana Abigaïl kwa umri na kimo. Mume wa Madame ndiye anayesema nani aingie mgodini na nani arudi kwao. Anaclet, mume wa Germaine, ni kibarua wake tangu kabla Abigaïl hajazaliwa. Anavaa kofia ya kampuni na kukohoa vumbi la kampuni, ila kwenye vitabu vya kampuni hayumo, kwa kuwa aliletwa na mtu wa kati. Kliniki ni ya wenye mkataba. Kwenye hospitali ya wote mashine ya kutibia koo ilikuwa imeharibika, nao walimwambia Germaine asubiri, kana kwamba koo la mtoto lingesubiri. Basi Germaine akaenda Golf kufua na kupiga pasi bila malipo, na siku Madame alipoitoa ile kadi aliisukuma mezani kwa kidole.

"Bakikukamata, nitasema uliiba," alisema. "Miye sijue kintu."

Docteur Ngosa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Alimketisha Abigaïl kitandani kwa upole, akamgeuzia Germaine picha aliyopigwa mtoto akiwa amenywa dawa nyeupe. Ule weupe ulishuka vizuri kutoka mdomoni, ukajaa kifuani, kisha ukawa uzi.

"Hii njo njia ya chakula," alisema. "Soude iliichoma. Kidonda kikapona, kikaacha kovu, na kovu linakaza. Ona hapa, hata maji inapita kwa kuomba ruhusa. Tutamulalisha, tutaingiza puto kadogo, tutaijaza polepole mupaka njia ifunguke. Lakini kovu litakaza tena. Atarudia hapa mara mingi. Mukiacha, itajifunga kabisa."

"Na akirudia, atakula bukari?"

"Akirudia kila tunapomuita, atakula."

Germaine aliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika mlango usifungwe. Kula bukari, ugali mgumu wa kumega. Tangu alipoinywa ile soude, magadi makali yanayounguza nyama, mtoto anaishi kwa uji uliochujwa kwa kitambaa, na wenzake wakila yeye anakaa pembeni akivihesabu vidole vyake.

"Sasa soude aliipata wapi?"

"Ku nyumba. Ilikuwa mu chupa ya jus."

"Nani aliiweka mo?"

Angeweza kudanganya. Asubuhi nzima alikuwa akidanganya na ulimi ulikwisha kuzoea. Ila hili lilikuwa limemkaa kifuani muda mrefu mno.

"Miye, docteur. Nilikuwa napika sabuni."

"Na alipokunywa, ulifanya nini?"

"Nilimupatia mawese. Halafu nikamuingiza kidole atapike."

Daktari aliiweka picha chini. Akamtazama mtoto, akamtazama yeye.

"Ilimuchoma kwa kushuka," alisema, "halafu weye ukamuchoma tena kwa kupanda."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mtaani majirani walimpongeza kwa kumtapisha upesi, na katika majuto yote aliyokuwa nayo, kile kidole ndicho kitu pekee alichokuwa akijisifia. Germaine aliuficha mkono wake chini ya kitenge.

"Ita mama yake," daktari alisema. "Njia inaweza kutoboka, lazima mzazi asaini. Boyesse hawezi."

Madame Mimi alifika akiwa amenuna, na manukato yake yalijaa chumba kizima. Alimpapasa Abigaïl kichwani kama anayekagua ukomavu wa tikiti. Daktari alimweleza hatari zote. Alipomaliza akashusha sauti, si sana.

"Madame, miye ningekuwa weye, huyu boyesse hangekanyaga tena ku nyumba. Alikaribia kumuua mutoto yako. Hapa kwetu sitaki amukaribie."

"Nitasemezana na bwana yangu," Madame alisema.

Mlinzi akaitwa amtoe Germaine. Abigaïl alipoelewa kinachotokea aliking'ang'ania kitenge cha mama yake kwa mikono miwili, mdomo ukifunguka kwa kilio, na Germaine alijua neno litakalofuata. Likitoka, puto haliingii, Anaclet hana kazi, na yeye ni mwizi wa kadi. Alivibandua vile vidole mwenyewe, kimoja kimoja.

"Enda kwa maman," alimwambia.

Mtoto alitii. Alimpa Madame Mimi mkono bila kutazama nyuma, na Germaine alitamani angalau angekataa.

Alikaa nje ya lango, ukingoni mwa barabara, malori ya madini yakipita na kumwagia vumbi. Haikuchukua muda Madame akatoka.

"Nimesaini."

"Amelala, Madame?"

"Sijue. Nilimuacha na ba-infirmière, bale bauguzi. Niko na bageni."

"Ataamuka peke yake."

"Nani alikutuma kusema ni weye uliiweka ile soude?" Madame alifungua mlango wa gari. "Kesho uje mapema, kuko mapazia ya kufua."

Gari likaondoka. Germaine hakuwa hata na hasira. Hasira ni ya mtu asiye na hatia, na yeye alijiona hana haki nayo. Alijiambia kwamba angeweza kumwendea mlinzi na kusema neno moja tu, miye njo mama. Akajiambia pia kwamba wangemtoa mtoto hivyo hivyo, na koo lingeanza kujikaza tena siku ile ile, na kwamba hakuna mlango mwingine Lubumbashi nzima ambao ungewafungukia. Alikaa.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimevuka barabara muuguzi alipokuja langoni akihema.

"Mama ya Sephora iko wapi? Mutoto ameamuka. Njia ilifunguka muzuri, lakini analia, hatulii, na akiendelea vile ataumia mu koo. Anataka mama yake."

Germaine alikwisha kusimama.

"Weye hapana," mlinzi alisema. "Docteur alikataza. Banaita mama."

Muuguzi alitazama barabara juu na chini, kisha akamtazama yeye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

"Mama yake iko wapi?"

"Alienda," Germaine alisema.

Muuguzi akaguna, akageuka kwenda kumwambia mtoto.